Moshi Huingilia Mkiani: Ushauri kwa Wanaorusha Ndege za Sarakasi

Rubani anayesikia harufu ya moshi ndani ya ndege ya sarakasi kwa kawaida huanza kuutafuta mbele, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yake. Ukuta huo unastahili kukaguliwa, lakini katika ndege ninayoirusha pamoja na wenzangu hapa Texas, Pitts S-2B ya viti viwili yenye injini ya nguvu farasi 260, sehemu kubwa ya moshi ilikuwa ikiingilia nyuma, jirani na gurudumu la mkia, kisha ikisafiri ndani ya kiwiliwili kuelekea mbele hadi mgongoni mwa rubani.

Hewa inapopanda juu ya kanopi, yaani kifuniko cha kioo juu ya rubani, huongeza kasi, na mgandamizo wake hupungua, hivyo hewa iliyomo chumbani hufyonzwa nje kupitia kila mwanya ulioko kwenye ukingo wa kioo. Chumba kinachonyonywa namna hiyo hujazwa na hewa kutoka popote penye njia rahisi: matundu ya nyaya za usukani wa mkia, nafasi zinazozunguka miguu ya magurudumu, vifuniko vya ukaguzi visivyokaza, na mishono ya kitambaa. Mabomba ya ekzosi nayo hutoa moshi chini ya tumbo la ndege, na moshi huo hutambaa ukishikamana na tumbo hadi kwenye mianya ya mkiani. Pitts ina udhaifu wake katika hili, kwa kuwa kiwiliwili chake ni fremu ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa, kama ilivyokuwa mbunifu wake, Curtis Pitts, aliporusha ya kwanza mwaka 1944, na ndani hakuna kizuizi chochote kati ya mkia na kiti isipokuwa kile ambacho mwenye ndege ataamua kukiweka.

Ndege zenye mfumo wa moshi wa maonyesho zina faida ambayo wengi hawaitumii. Mafuta ya moshi, ambayo ni mafuta mepesi ya madini, hupulizwa ndani ya bomba la ekzosi lenye joto kali. Hayaungui, bali hugeuka mvuke, na mvuke huo unapokutana na hewa baridi nje huwa matone madogo mno yanayoonekana kama wingu jeupe. Kwa kuwa wingu hilo hutoka katika mdomo uleule unaotoa gesi ya injini, linakuonyesha mahali gesi inapopita. Popote utakapokuta utando wa mafuta ndani ya kiwiliwili baada ya kuruka, kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye ekzosi, nayo ilipita hapo. Mimi huvua vifuniko vya mkiani, huifuta sehemu yote hadi ikauke, kisha hurusha ndege moshi ukiwa umewashwa na kurudi kupapasa kwa karatasi nyeupe. Karatasi inayotoka na mafuta inaonyesha tundu lilipo vizuri kuliko ubishi wowote wa kwenye hanga.

Harufu ya mafuta ya moshi inaudhi lakini si yenyewe inayoua. Inayoua ni kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wapenzi wa soka wanaikumbuka safari ya Januari 2019, pale ndege ndogo ya Piper Malibu iliyombeba Emiliano Sala kutoka Nantes kwenda Cardiff ilipoanguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksidi. Katika sarakasi hatari ina sura ya pekee, kwa sababu tunafanya kazi kwa nguvu kamili ya injini huku mchanganyiko ukiwa na petroli nyingi, na petroli isiyopata hewa ya kutosha ndiyo inayozalisha gesi hii kwa wingi. Kisha tunavuta usukani na damu inashuka kutoka kichwani. Ubongo uliokwisha kupungukiwa oksijeni haufai kupewa mzigo huo.

Kwa sababu hiyo, nunua kipimo cha kielektroniki cha gesi hii kabla ya kununua gundi ya kuzibia mianya. Vile vikadi vinavyobadilika rangi havifai kwa kazi hii, kwani hakuna anayetazama kikadi akiwa amepinduka kichwa chini. Kengele za nyumbani za kutambua gesi hii nazo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala: nchini Marekani kiwango chao kinaziruhusu kukaa saa 1 hadi 4 bila kulia gesi inapokuwa sehemu 70 kwa milioni, ilhali kanuni ya ndege ndogo iliyotumika hapa kwa miaka mingi haikuruhusu chumba kizidi sehemu 50 kwa milioni. Chagua kipimo kinachoonyesha tarakimu tangu kiwango cha chini, chenye taa kali au sauti inayoingia katika vifaa vya masikioni. Kisha kifunge kwa skrubu. Kipimo kilichobandikwa kwa utepe tu kitabanduka siku moja, na kitu kinachoelea chumbani kinaweza kukwama chini ya fimbo ya kuongozea, jambo ambalo litakumaliza haraka kuliko gesi.

Kipimo kikishafungwa, ruka mkiwa wawili, mmoja akiongoza na mwingine akiandika: wakati wa kusubiri ardhini upepo ukitoka nyuma, wakati wa kupanda, katika mwendo wa kawaida, ndege ikiwa kichwa chini, na ikiserereka ubavu, kushoto na kulia kila mmoja peke yake. Tofauti kati ya kushoto na kulia hueleza mengi, kwa sababu huonyesha ni upande gani wa tumbo wenye mwanya. Baada ya hapo ziba sehemu moja kwa utepe wa alumini, ruka tena, na ulinganishe. Wanaoziba kila kitu kwa siku moja hawajui kamwe ni nini kilichowasaidia, na mara nyingi huziba pia matundu ya kutolea maji chini ya kitambaa, ambayo yapo ili fremu isioze kwa kutu.

Katika uzibaji wa kudumu, kizuizi cha ngozi au kitambaa kizito nyuma ya kiti cha rubani ndicho kilichotuletea nafuu kubwa kuliko vyote. Matundu ya nyaya huzibwa kwa vipande vya ngozi laini vyenye mkato mwembamba, na baada ya kila kazi ya aina hiyo usukani husogezwa hadi mwisho kila upande huku mtu mwingine akiangalia mkiani. Kwenye ukuta wa injini tumia gundi inayostahimili moto. Silikoni ya dirishani haifai, kwani ukuta ule upo kwanza kwa ajili ya kuzuia moto. Ili kupata mianya ya ukutani, elekeza hewa ya mashine ya kufyonza vumbi, upande unaopuliza, ndani ya chumba kilichofungwa, kisha upake maji ya sabuni upande wa injini na utazame mapovu.

Hata hivyo kuziba peke yake hakutoshi, kwa kuwa chumba kitaendelea kunyonywa. Kipe hewa safi ya kutosha kupitia kiingilio kilichoko mbele au ubavuni, mbali na njia ya ekzosi, ili kisiwe na haja ya kuivuta kutoka mkiani. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa: kufungua kidirisha kilicho nyuma ya kanopi huleta ubaridi wa kupendeza na wakati huohuo huweza kuongeza unyonyaji. Kipimo ndicho cha kukuambia, na hisia za usoni zinadanganya. Kurefusha mabomba ya ekzosi kwa inchi chache ili moshi utoke mbali na tumbo pia husaidia sana, lakini kwa ndege yenye cheti badiliko hilo linahitaji idhini na nyaraka, kwa hiyo zungumza na fundi kabla ya kuita mchomeleaji.

Ekzosi yenyewe ikaguliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyodai. Injini ya ndege ya sarakasi huyumba juu ya mipira yake kila propela inapogeuzwa kwa nguvu, na mabomba hupasuka kwenye mishono na karibu na klampu. Tafuta michirizi ya unga wa kijivu hafifu kwenye gasketi. Wenzangu wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na wa Dar es Salaam wanaorusha Cessna zenye hita watazame pia ganda la hita linalozunguka bomba, kwani ufa ulioko humo hupuliza gesi moja kwa moja kwa abiria.

Kuhusu mfumo wa moshi, usiuwashe wakati injini inafanya kazi kwa nguvu ndogo, kwa kuwa bomba halina joto la kutosha na mafuta hutoka yakiwa majimaji, yakalowesha tumbo na kuingia mkiani. Zima pampu kabla ya ndege kuteleza kinyumenyume, kwani wakati huo unarudi ndani ya moshi wako mwenyewe.

Kipimo kikilia angani, zima moshi na hita, punguza nguvu, nyoosha ndege, fungua hewa ya mbele na utue. Usijaribu tena siku hiyo hata ukijihisi mzima: kwa kupumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 5 kutoka katika damu, na mwenye maumivu ya kichwa apelekwe hospitali apewe oksijeni na kupimwa damu mapema, kabla kiwango cha gesi katika damu hakijashuka.