Nyumba Yangu Inapigwa Mnada: Je, Kulia Ni Udhaifu wa Imani?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Nilichukua mkopo benki nikaweka hati ya nyumba kuwa dhamana, na mke wangu alitia saini. Biashara imeanguka. Sasa ilani ya dalali imefika: siku 45, kisha mnada. Nimeificha chini ya godoro. Nyumbani hakuna anayejua. Usiku silali, bodaboda ikipunguza mwendo karibu na geti moyo unaruka. Mwenzangu wa msikitini ameniambia hii ndiyo vita ya Allah kwa watu wa riba, na kulialia ni udhaifu wa imani, ninyamaze nipokee adhabu yangu. Tangu siku hiyo siendi swala ya jamaa msikitini. Ni kweli alivyosema?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichoniuma kuliko hata nyumba ni kwamba umeuacha msikiti kwa neno la mtu wa msikitini.

Kuhusu mkopo wenyewe sitarefusha. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kula riba na mwenye kuilipa, na hilo unalijua. Tubu kweli, azimia usirudi. Lakini huyo mwenzako amesema jambo kubwa kwa jina la Allah, nami siwezi kulinyamazia, maana nalisikia sana siku hizi na linavunja watu.

Tuisome hiyo aya ya vita pamoja na jirani zake. Suratul Baqara, aya ya 278, inaamrisha iachwe riba iliyobakia. Riba hubakia kwa nani? Kwa anayedai, si kwa anayedaiwa. Aya ya 279 inatangaza vita, kisha inasema mkitubu mtapata rasilimali zenu. Rasilimali ni ya nani? Ya aliyekopesha. Halafu inakuja ya 280: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Huyo wa 280 ndiye wewe. Anayesoma 279 akafunga msahafu hapo hapo, amemnyang'anya mwenye dhiki aya yake.

Tena amejuaje kuwa ni adhabu? Katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri anasimulia habari za mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume hakumwambia anyamaze. Aliwaambia watu: mpeni sadaka. Watu wakatoa, lakini haikutosha. Basi akawaambia wanaomdai: chukueni mlichokipata, hamna zaidi ya hicho. Ndiyo sunna ya kumtazama aliyeanguka.

Ama machozi, Nabii Yaaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye akasema anamshitakia Allah sikitiko lake. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila la kumridhisha Mola wetu. Na nyumba? Alipokuwa anairudia Makka, Usama bin Zayd alimuuliza kama atashukia nyumbani kwake. Akajibu, akimtaja binamu yake Aqil aliyemrithi Abu Talib: kwani Aqil ametuachia nyumba? Kila nikifika kwenye hadithi hii nasimama kidogo. Mtume wa Allah anaingia mji aliozaliwa, na hana mlango wake wa kubisha.

Lakini hiyo karatasi chini ya godoro si subira, ndugu yangu. Unailalia kila usiku, halafu unashangaa usingizi umekwenda wapi? Itoe leo. Watoto wakishalala, kaa na mke wako umsomee mwanzo mpaka mwisho. Alitia saini, ana haki ya kujua, na asije akaisikia kwa dalali aliyesimama getini na wanunuzi. Watoto wakubwa nao waambiwe kwa kiasi chao. Wameshaona humalizi sahani yako.

Kisha nenda kwa wakili na kila karatasi uliyonayo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kabla ya dalali kuingia, benki ilitakiwa ikupe ilani ya miezi 3 ya kulipa, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza. Kama hukuzipata, wakili aambiwe. Pia sheria inaitaka benki itafute bei bora inayopatikana, na maadamu nyumba haijauzwa unayo haki ya kulipa na kuikomboa. Omba benki ikuruhusu uiuze mwenyewe. Mnunuzi uliyemtafuta kwa utulivu huenda akakupa bei ya maana kuliko ya mnada, deni likalipwa na kikabaki cha kodi ya nyumba ya kupanga.

Zaka usiione haya. Wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na aliyetubu hanyimwi kwa sababu ya kosa alilolitubia. Ila uza kwanza usichokihitaji, ndipo umwendee imamu.

Mtume alikuwa akiomba kinga ya Allah kutokana na wahaka na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akataja uzito wa deni na kuonewa nguvu na watu. Aliyaweka pamoja kwa kuwa huja pamoja. Iombe kila alfajiri, msikitini, safu ile ile uliyokuwa ukisimama. Na fikra za kutaka kufa zikikujia, usingoje kupambazuke: mwamshe mke wako, nenda hospitali.

Ukishazungumza naye, niandikie alisemaje.

Wallahu a'lam.