SOP si ya odita, wadogo zangu

Nyinyi mlioingia benchi ya maabara juzi, nawapenda sana, lakini nimewaona mkisaini ile fomu ya "nimesoma na kuelewa" ya SOP, yale maelezo rasmi ya hatua za kila kipimo, mkiwa mmesimama, faili nzima kwa dakika tano. Hapana jamani.

1. Kusaini si kusoma. Keti na mwenye anafanya hiyo test, fuata hatua kwa kidole, halafu ufanye wewe yeye akiangalia, ndio usaini. ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, inataka umahiri wako upimwe, sahihi peke yake haitoshi.

2. Vikaratasi vya ukutani. Hii inaniuma mpaka leo. Kuna maabara huku upande wa ziwa, juu ya sinki palikuwa na karatasi ya zamani, Giemsa (rangi ya kuonyesha vimelea vya malaria) 10%, dakika 10. SOP ilikuwa imebadilishwa, slaidi za damu za asubuhi zitiwe rangi ya 3% kwa dakika 45, toleo jipya limesainiwa liko kwa faili, lakini hakuna aliyebandua ile ya zamani. Kijana wa atachi, mwanafunzi wa mazoezi, akachanganya 3% vile faili inasema, akainua macho akasoma ukuta, dakika 10 akaosha. Slaidi zikatoka zimepauka, hata viini vya seli nyeupe huvioni vizuri, na msomaji badala ya kuzikataa akasoma tu manake foleni ilikuwa imefika nje, akaripoti hakuna vimelea. Mmoja alikuwa mtoto wa pande za Ahero. Jioni akarudishwa amebebwa, amelegea, slaidi mpya ikatiwa rangi sawasawa na vimelea vimejaa kila uwanja wa darubini. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mamake alisimama pale dirishani akauliza, "Si asubuhi mlisema hana malaria?" na hakuna aliyemjibu. Yule kijana hakuwa mvivu, alifuata maandishi, shida maandishi yalikuwa mawili. Karatasi ikikosa namba ya toleo, tarehe na sahihi, bandua upeleke kwa msimamizi wa ubora. Na zile picha za SOP mnaweka kwa simu, futeni.

3. Ukichanganya rangi mpya, ijaribu kwanza kwa slaidi ya kontroli, ile ambayo majibu yake yanajulikana. Hasi, yaani hakuna vimelea, ni baada ya kuangalia nyanja 100 za darubini, si 20.

4. Tone nene la damu kwa slaidi lisiguse methanoli, itazuia seli nyekundu kupasuka, na hapa lazima zipasuke. SOP iandike na sababu, mtu akijua sababu haruki hatua.

5. Kuandika SOP sasa. Usikopi ya hospitali nyingine ukabadilisha jina, nimeshasoma moja ikieleza mashine ambayo hatujawahi kuwa nayo. "Changanya vizuri" haimsaidii mtu, andika pindua tyubu ya damu ya kifuniko cha zambarau mara 8 hadi 10. Andika stima ikipotea nani anaangalia friji, na ikipita 8°C sampuli na riejenti (kemikali za vipimo) zinaenda wapi. Rasimu ya SOP ya kupima mkojo iko mezani kwangu, mgeni kuliko wote aichukue kesho, aifanye bila kuniuliza kitu, pahali atakwama aweke alama nyekundu, nitarekebisha kabla ipelekwe kusainiwa.