Aliyevaa kofia ya wageni

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani ambacho wenzako wamekiacha zamani, lakini wewe umekataa kukiacha? Kwa nini?"

Changu ni mchezo wa kompyuta. Unaitwa Team Fortress 2. Kampuni ya Valve iliutoa Oktoba 2007, na kuueleza hakuchukui muda: timu mbili, nyekundu na bluu, zinafyatuliana risasi mtandaoni zikigombea mkoba wa siri, au kipande cha ardhi, au kigari chenye bomu kinachosukumwa kwenye reli. Nilioanza nao wamehamia michezo mipya mara tatu, mara nne. Wakinikuta hewani hunitumia neno moja tu: "Bado?"

Bado. Na kabla hamjasema kwamba nang'ang'ania ujana wangu, nitakubali kwamba kidogo ni kweli, halafu tuendelee.

Kuna sababu za kawaida kabisa. Michoro yake haijazeeka, kwa kuwa haikujaribu kufanana na picha halisi. Waliouchora waliiga vielelezo vya magazeti ya mwanzoni mwa karne ya 20, hasa vya J. C. Leyendecker, na kila mhusika ana umbo lake: ukiona kivuli tu cha mtu anayekata kona, unajua kama ni mhandisi au ni yule mnene wa bunduki kubwa. Michezo iliyotoka miaka ile ikijisifu kwa uhalisia, leo ukiitazama unaona sura za udongo.

Sababu nyingine ni mikono yangu. Wahusika wako 9, na si wote wanaodai wepesi wa kijana. Mdunguaji anaudai. Daktari haudai. Bunduki yake haitoi risasi, inatoa mwale wa tiba. Unamnasa mwenzako kwenye mwale, unamfuata anakokwenda, na ukimtibu kwa sekunde 40 hivi chaji inajaa. Ukiifungua, ninyi wawili hamdhuriki kwa sekunde 8. Ugumu wote uko katika kuamua umfuate nani na uifungue lini, na hayo hayategemei kasi ya kidole. Nilianza nikiwa mwanajeshi wa roketi, nimezeekea kwenye udaktari. Sijui michezo mingine mingi ya bunduki inayomwachia mtu nafasi ya kuzeeka namna hiyo.

Lakini hayo yanaeleza kwa nini mchezo bado ni mzuri. Hayaelezi kwa nini watu bado wamo.

Wanaotuandika hutusifu kwa uaminifu, na ushahidi upo. Rick May, aliyempa sauti yule mwanajeshi, alifariki Aprili 2020 kwa COVID-19. Valve ikasimamisha sanamu za mwanajeshi akipiga saluti kwenye ramani za mchezo, na kwa siku kadhaa ungeingia katikati ya mechi ukakuta nyekundu na bluu wamepanga mstari mbele ya sanamu, silaha chini, hakuna anayefyatua. Kisha ikaja miaka ya roboti, programu zinazojifanya wachezaji. Ziliingia kwa makundi kama wadunguaji, hazikosi kichwa, zinapiga kelele kwenye kipaza sauti. Mbaya kuliko yote, nyingine zilijipa jina la mchezaji halisi aliyemo ndani ili kura ya kufukuza imwangukie yeye. Tulijifunza kucheza kidole kikiwa juu ya F1, kitufe cha kupiga kura ya ndiyo. Mei 2022 wachezaji walipaza sauti kwa pamoja wakiomba mchezo uokolewe. Juni 2024 walirudia, safari hii kwa sahihi zaidi ya 300,000, na wiki chache baadaye akaunti nyingi za roboti zikafungwa.

Kwa hiyo uaminifu tunao. Hoja yangu ni kwamba uaminifu huo huo ulikaribia kutuua, tena roboti zikiwa hazihusiki.

Inabidi nieleze habari ya kofia. Katika mchezo huu kofia ni jambo zito. Watu huzinunua, huzibadilishana, huzililia. Lakini kuna moja, ndefu na iliyopondeka, inayoitwa Ghastly Gibus, ambayo hupatikana kwa kumtawala mtu aliyeivaa. "Kumtawala" maana yake ni kumuua mtu yule yule mara 4 bila yeye kukulipiza. Mashine huandika na kuweka alama, kila mtu aone. Kofia hii basi huambukizwa kama mafua, mgeni humwambukiza mgeni mwenzake, na imekuwa ndiyo sare ya wageni. Ukiivaa umejitangaza. Mimi niliivaa mwaka 2011, baada ya mchezo kufanywa wa bure mwezi Juni na sisi wa bure kumiminika. Wenyeji walitucheka sana. Niliivaa miezi miwili nikidhani imenipendeza.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mwenyeji. Usiku mmoja tuliingia sita pamoja kwenye seva za kampuni, yaani mashine za Valve zinazoendesha mechi mtandaoni, kundi la watu wanaojuana hata kwa kikohozi. Tukapangiwa 2Fort, ramani ya ngome mbili zinazotazamana, daraja katikati, maji chini. Upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye ile kofia. Alitoka mlango ule ule kila mara. Nami nilikuwa bado mwanajeshi, ninajifyatulia roketi miguuni inirushe hewani, halafu namshukia kichwani. Nikamtawala. Nikaendelea. Wenzangu walicheka, nami nikaongeza mbwembwe kwa ajili yao.

Baada ya kufa mara nane au tisa, alitoka bila kufyatua. Alikuja hadi darajani, akasimama, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Kwetu hiyo ni salamu. Yeye hakuwa na njia nyingine, kwani tangu katikati ya 2020, kwa sababu ya roboti, akaunti mpya za bure hazikuruhusiwa kuandika wala kuzungumza kwenye seva za kampuni. Alikuwa ananiambia kitu kwa magoti. Nikampiga roketi. Pembeni ya skrini yakatokea maandishi madogo kwamba ameondoka.

Mechi ilipoisha upande wa pili walikuwa wamebaki wanne. Sisi sita tukahamia kwenye mazungumzo yetu ya sauti, na mmoja wetu, kwa uchungu wa kweli kabisa, akasema mchezo unakufa, siku hizi watu hawakai. Tukakubaliana naye wote. Ilinichukua siku mbili kuona kichekesho chake.

Mtu mwenye saa elfu tatu za mchezo hahitaji kuwa katili ili amfukuze mgeni. Inatosha acheze vizuri. Na sisi wote tuliobaki tunacheza vizuri, maana ndiyo sababu tumebaki. Kila mwaka anayeachwa nyuma ni yule wa wastani, na kila mwaka mlango unakuwa juu zaidi kwa anayetaka kuingia.

Siku hizi tuko zaidi kwenye seva inayoendeshwa na mmoja wetu, na tumewekeana utaratibu. Msimamizi huchanganya timu kila anapoona upande mmoja umejaa wazoefu. Sita wale hatukai tena pamoja. Na mgeni akiingia, mmoja wetu anachukua udaktari na kumfuata, hata kama anakwenda kusikofaa, hata kama anapigana na ukuta. Si wote waliopenda. Kuna mwenzetu aliyesema kumlea mgeni ni kumdharau, kwamba yeye alijifunza kwa kufa na akaheshimu waliomuua. Ana hoja. Sema yeye amebaki, na hatuwezi kuwauliza walioondoka.

Ninachoweza kusema ni hiki tu: mgeni anayetibiwa hugeuka kutazama mwale umetoka wapi. Halafu hukaa mechi ya pili.

Mtaniuliza mwisho wake ni lini. Kuna kisa ambacho wacheza michezo hupenda kukisimulia. Aprili 15, 2010 Microsoft ilifunga huduma ya mtandao kwa michezo ya Xbox ya kwanza, mashine yake ya michezo ya nyumbani, mchezo wa bunduki wa Halo 2 ukiwemo. Waliokuwa tayari ndani waligundua kwamba hawatatolewa mradi wasizime mashine. Hawakuzima. Walidondoka mmoja mmoja, mashine ikipata joto au mawasiliano yakikatika, na wa mwisho alitoka mwezi Mei. Ni kisa kizuri, nami hukisimulia, lakini kila nikikisimulia nakumbuka sharti lake: aliyetoka hakuweza kurudi, na mpya hakuweza kuingia. Kwa wiki zile walikuwa na uaminifu mtupu, bila mgeni hata mmoja.

Mchezo wetu hauna swichi moja ya namna hiyo. Seva anaweza kuiwasha yeyote, na Februari 2025 Valve iliachia msimbo wa mchezo, yaani maandishi ya programu yake, ili wachezaji wajenge matoleo yao, mradi wasiyauze. Kwa hiyo kama utakwisha, utaishia mikononi mwetu.

Mimi huwa daktari, kwenye timu yoyote iliyopungukiwa. Kitufe cha kuniita ni E. Nikichelewa, bonyezeni tena.