Maswali Yenu Kuhusu Masikio ya Mtoto Mchanga

Makala yangu juu ya Patricia Kuhl, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani, anayechunguza jinsi watoto wachanga wanavyojifunza sauti za lugha, imeleta maswali mengi. Nimechagua haya matano.

Mtoto hasemi. Watafiti wanajuaje kwamba amesikia tofauti?

Wanatazama kichwa chake. Mtoto anapakatwa na mama, spika inarudia sauti moja, tuseme "la, la, la". Ikigeuka kuwa "ra", kikasha kilicho pembeni kinawaka taa na mwanasesere aliyemo anaanza kucheza. Mtoto akishazoea, anageukia kikasha mara tu sauti inapobadilika, kabla mwanasesere hajatikisika. Asiyesikia tofauti hageuki. Mama huvalishwa spika za masikioni zenye muziki ili asije akamdokeza mwanawe bila kujua. Wachanga zaidi, ambao shingo haijakaza, hupewa chuchu bandia yenye kipimo. Sauti ikiwachosha hunyonya polepole, wakisikia mpya hunyonya kwa nguvu. Kwa njia hiyo Peter Eimas na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba mtoto wa mwezi 1 anatofautisha "ba" na "pa".

Babu yangu husema "lafiki" badala ya "rafiki", na tukimsahihisha hasikii kosa. Ni ukaidi?

Sio ukaidi, tafadhali msimcheke. Kuhl na wenzake waliwapima watoto wa Marekani na wa Japani kwa r na l za Kiingereza, tofauti ambayo Kijapani hakina. Wakiwa na miezi 6 hadi 8 walilingana. Walipofika miezi 10 hadi 12, wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka. Kabla yake, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walikuta jambo hilohilo kwa sauti za Kihindi: watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza walizitofautisha vizuri katika umri wa miezi 6 hadi 8, ila kufikia mwaka wa kwanza wengi hawakuweza tena.

Hata hapa kwetu wamepimwa. Mwaka 1976 Lynn Streeter alichapisha utafiti wa watoto wa Kikuyu wa miezi 2 nchini Kenya, nao walitambua hata tofauti ambayo Kikikuyu hakiitumii. Kwa hiyo inaelekea babu naye alizaliwa akiisikia r. Lugha aliyolelewa nayo haikuihitaji, sikio likaacha kuishughulikia. Mtu mzima anaweza kujifunza upya, ila kwa mazoezi mengi.

Mwanangu ana miezi 9. Namwekea katuni za Kiingereza ili azoee matamshi mapema. Nafanya vizuri?

Nia yako ni njema, lakini katuni hazitamfikisha huko. Mwaka 2003 Kuhl na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa umri huohuo wa miezi 9. Kundi moja lilikaa na wazungumzaji wa Kichina cha Mandarini waliowasomea vitabu na kucheza nao, vipindi 12 vya takriban dakika 25. Kundi lingine lilitazama watu walewale kwenye runinga, kwa muda uleule. Waliokaa na mtu walijifunza sauti za Kichina, waliotazama runinga hawakuambulia kitu. Kama unamtaka ajue Kiingereza, mtafutie mtu wa kuongea naye. Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, mpe Kiswahili tele, na umtazame usoni unapoongea.

Mama anamsemesha Kihaya, mimi Kiswahili. Tutamchanganya?

Hapana. Endeleeni wote wawili.

Bibi anavuta maneno akimbembeleza: "njooo kwa biiibi". Tumkataze?

Mwacheni! Mwaka 1997 Kuhl na wenzake walirekodi akina mama wa Marekani, Urusi na Uswidi, wakakuta wote huzikuza irabu za i, a na u wanapoongea na watoto wao, na hivyo tofauti za sauti hizo husikika wazi zaidi. Bibi anafundisha. Cha kuangalia ni kama mtoto anajibu. Akifikisha miezi 10 bila kurudiarudia silabi kama "ba-ba-ba", au hashtuki kwa kelele, mpelekeni akapimwe masikio, msisubiri atimize miaka miwili.