Bei ya rafuni na ya keshia zikitofautiana

Dada uliyeuliza kwa nini bei ya keshia supamaketi imezidi ile ya rafuni, hujakosea hesabu. Mafuta yaliyoandikwa 640 rafuni yakisoma 715 kwa keshia, mara nyingi ni ofa iliyoisha kibandiko kikabaki, au bei mpya imeingizwa kwenye kompyuta rafu ikasahaulika. Mimi hupiga picha kibandiko kwa simu, hasa cha ofa, baada ya kusoma ile tarehe ndogo ya chini. Vitu vya kupimwa navitoa mwisho kwenye kikapu ili nitazame skrini bila haraka. Juzi tangawizi yangu iliingizwa kama kitunguu saumu, nikazidishiwa shilingi 90! Sema kabla hujalipa. Ukigundua ukiwa mlangoni, nenda na risiti huduma kwa wateja, usipange foleni tena.