Kabla ya Kumsahihisha Mwenzako Matamshi ya SQL

Kwa miaka kadhaa sikuweza kusikia kifupisho cha kitaalamu kikitamkwa tofauti na nilivyojifunza nikanyamaza. SQL niliitamka "sikweli", na aliyesema "es-kyu-eli" nilimkatiza papo hapo mbele ya wenzake. Hoja ninayo, nilijiambia: lugha hiyo ya kuulizia hifadhidata, ilipobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM katika miaka ya 1970, iliitwa SEQUEL, neno la Kiingereza linalotamkwa "sikweli", na jina lilifupishwa baadaye kwa sababu tu lilikuwa tayari alama ya biashara ya kampuni nyingine.

Kikao kimoja kilichoendeshwa kwa Kiswahili kilinigeuza. Nilikuwa nikiwasilisha ripoti ya mauzo kwa watu wa uhasibu, nikasema, "Hizi ni takwimu za sikweli." Mhasibu mmoja akaweka kalamu chini na kuuliza kwa nini wanaonyeshwa takwimu za uongo. Alikuwa amesikia "si kweli", na mtu yeyote anayezungumza Kiswahili angesikia hivyo hivyo. Nilieleza, wakaelewa, lakini sehemu iliyobaki ya kikao ilikwenda katika kuthibitisha namba moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo, nikizungumza Kiswahili, hutamka herufi za SQL moja moja, na ninamshauri kila anayefanya kazi na watu wasio wa fani yetu afanye vivyo hivyo, hata kama historia inampa haki ya kusema vingine. Hata mwongozo wa MySQL, programu ya hifadhidata inayotumia SQL, unataja matamshi rasmi ya SQL katika jina hilo kuwa ya herufi, kisha unaongeza kwamba wahusika hawaoni ubaya mtu akitamka kwa namna nyingine.

Mabishano haya yana chanzo kinachoeleweka. Kifupisho chenye irabu za kutosha mara nyingi hugeuka neno chenyewe, na kisichokuwa nazo husomwa kwa herufi. Ndiyo maana tunasema UKIMWI kama neno lakini VVU tunaitaja herufi kwa herufi, na hakuna anayegombana. Katika vifupisho vya kompyuta, RAM na ROM zimekuwa maneno, CPU na HTML zimebaki herufi. Ugomvi huzuka katika vile vya katikati, kama SQL na URL (anwani ya ukurasa wa mtandaoni), ambavyo ulimi unaweza kuvifanyia lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo mtu anayetamka tofauti na wewe mara nyingi hajakosea kanuni yoyote, bali amechagua upande mwingine wa mpaka ambao haujawahi kuchorwa.

Kigezo ninachokitumia sasa ni kimoja: je, matamshi haya yatachanganywa na kitu kingine? Vielezo rasmi vya muundo wa picha wa PNG, vilivyotolewa mwaka 1996, vinaelekeza kwamba jina litamkwe "ping". Lakini ping ni programu ya kupima mawasiliano ya mtandao iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na kila fundi wa mtandao anaifahamu. Mwenzangu aliwahi kuniomba kwa simu nimtumie "ping ya seva". Alitaka mchoro, mimi nikampelekea majibu ya kipimo. Hapa ninaacha matamshi rasmi bila kusita na kusema "pi-en-ji".

Kuhusu GIF, muundo mwingine wa picha, sitakaa sana. Steve Wilhite, aliyeongoza kazi ya kuibuni katika kampuni ya CompuServe mwaka 1987, alitangaza mwaka 2013 kwamba ni "jifu", na wengi hawakumfuata. Wanaompinga husema kwamba G inawakilisha neno la Kiingereza linaloanza kwa sauti ya g, lakini kwa mantiki hiyo P ya JPEG, muundo wa picha pia, ingepaswa kutamkwa f kwa kuwa inawakilisha neno "Photographic", jambo ambalo hakuna anayelifanya. Herufi g ya Kiswahili ina sauti moja tu, kwa hiyo "gifu" yatutosha.

Linaloniuma zaidi ni namna nilivyokuwa nikisahihisha. Mtu aliyejifunza kwa kusoma peke yake hukutana na vifupisho kwa macho miaka mingi kabla ya kuvisikia, na matamshi yake ni kazi ya akili yake mwenyewe. Ikiwa umemwelewa, mwache amalize. Ukiona kwamba matamshi hayo yatamletea shida kwingine, mweleze mkiwa wawili. Mimi nilimkatiza mwanagenzi mmoja mara tatu katika maelezo ya dakika chache, kila mara kwa ajili ya SQL, hadi akasema hana la kuongeza. Siku mbili baadaye tuligundua kwamba nakala ya akiba ya hifadhidata haikuwa ikikamilika, na kumbe hilo ndilo alilokuwa akijaribu kutuambia. Nilimwomba radhi, naye akapokea, ila zilipita wiki kadhaa kabla hajazungumza tena kikaoni.