Kabla hujauliza bei ya lenzi: kwa anayetaka kupigia magazeti picha hapa Lamu

Kijana akinijia kutaka ushauri wa kazi hii, swali lake la kwanza huwa anunue kamera gani. Mimi humuuliza kama ana daftari. Wengi hudhani nawafanyia mzaha. Lakini mhariri aliyeko Nairobi hajui Langoni wala Mkomani, na picha ikimfikia bila jina la mtu, mahali na siku, ataiweka kando hata iwe nzuri vipi. Na akiichapa kwa kubahatisha, lawama hazimfiki yeye. Zinakungoja wewe barazani.

Mji wetu ni mdogo. Uliyempiga picha leo utapanda naye boti ya Mokowe kesho, Ijumaa utasimama naye safu moja msikitini, na huenda shemeji yake ndiye mwenye nyumba unayolipa kodi. Kwa hivyo jina liandike palepale, umwonyeshe mwenyewe alisome. Ongeza jina la babu na mtaa, maana kina Mohamed Ali hapa hawahesabiki. Na kazi yake uliza, usikisie. Kule Matondoni nilikuwa nampiga mzee akipigilia pamba kwenye mianya ya mbao za jahazi, nyundo mkononi, pamba imeviringwa kama uzi mnene karibu na goti lake. Nilipotoa kalamu alisimamisha nyundo. "Waandika nini hapo? Mimi fundi wa kalafati. Msije mkanifanya mvuvi." Alikuwa na haki ya kutahadhari: ukisoma magazeti ya bara utadhani kila mwanamume aliyesimama karibu na chombo ni mvuvi.

Baada ya daftari ndiyo tuzungumze mwanga. Mtihani wa kweli ni Maulidi. Ukiwa kwenye msikiti wa Riyadha, mbele yako kuna safu za wanaume wenye kanzu nyeupe na kofia nyeupe, matari yanapigwa, wote wanayumba pamoja. Kamera ikikutana na weupe mwingi kiasi hicho hudhani mwanga umezidi, basi hupunguza yenyewe. Kanzu zinatoka kijivu, nyuso zinatoka giza. Ongeza mwanga kwa kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, hadi karibu na moja, kisha kagua uso wa mtu kwenye kioo cha kamera. Kanzu ikipotea weupe kidogo haina neno, msomaji anatafuta uso. Siku ya zefe usifuate msafara kwa nyuma, utarudi na visogo. Tangulia mbele, tafuta ngazi au baraza, ukae hapo uwangoje.

Saa sita mchana hapa ni taabu. Tuko karibu na ikweta, jua liko utosini, na kofia inamtia mtu kivuli cha macho yote mawili. Kama unamhoji mtu na unataka sura yake, mwombe mkakae dakani, kile kibaraza cha mlangoni. Mwanga unaoingia pale umeshagonga ukuta wa pili na kulainika, na mwenyewe anakuwa ametulia kwa sababu yuko kwake.

Ruhusa sitaieleza sana, mtu aliyelelewa pwani anajua. Mwanamke huombwa, na akikataa habembelezwi mtu. Mtoto aombewe kwa mzazi. Kamera haipiti mlango wa nyumba kabla ya hodi kuitikiwa. Penye askari au kambi uliza kwanza, na kadi yako ya Baraza la Vyombo vya Habari iwe karibu, si chini ya begi.

Adui mwingine ni chumvi. Kwenye boti kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hata kama safari ni ya kuvuka tu hadi Manda. Ukifika nyumbani ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, halafu kikavu. Kwenye upepo wa pwani usibadilishe lenzi. Usiku ilaze ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikusanye. Unyevu wa Lamu huotesha kuvu ndani ya kioo cha lenzi, na fundi wa kuisafisha hayuko kisiwani.

Sasa jambo linaloniudhi. Ukiachia dawati la picha lichague, Lamu itabaki punda, jahazi na machweo. Habari zetu nyingi ziko ng'ambo ya maji, upande wa bara: gati la kwanza la bandari ya Kililana lilianza kazi Mei 2021, na kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa hapa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi huohuo. Picha ya uamuzi kama ule haipatikani mahakamani. Iko kwa mvuvi aliyekaa na madema yake, mitego ya samaki, makavu kivulini. Ipige hata kama hujaagizwa, itume pamoja na maelezo yaliyokamilika, na mhariri ataacha kukuomba punda.

Malipo mara nyingi ni kwa picha iliyochapwa, wala si kwa siku uliyohangaika. Nauli ya boti na bando la intaneti ni juu yako mpaka mkubaliane vingine, kwa hivyo kubalianeni kabla hujatoka, na kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Mtandao ukiwa dhaifu tuma kwanza nakala ndogo, gazeti linafunga kurasa jioni. Faili kubwa lifuate usiku. Kadi usiifute mpaka picha ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili, na majina ya kwenye daftari yameshaingizwa humo.